Sabini na Mbili Kila Asubuhi

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu kule Bahati, nilipewa kazi ambayo hata leo, na hii degree yangu ya Hesabu, sijapewa nyingine yenye uzito kama ile: kuhesabu moyo wa dada yangu kila asubuhi. Cheka ukitaka. Nimeandika barua za kazi mpaka vidole vikafa ganzi, niko kwa binamu, mtaa wa Section 58, nalala kwenye kochi, na maofisa wa Nakuru wananiuliza, "Una experience gani, madam?" Ninayo. Haiandikiki kwenye fomu, ndiyo shida.

Dada huyo, Nyambura, alikuwa na miaka kumi na minne. Ilianza zamani, koo kuuma tena na tena, kisha viungo vikavimba, na sisi tukampaka mafuta ya kondoo, maisha yakaendelea. Miaka ya sabini ilipoingia tumbo lake lilikuwa limejaa maji, miguu ukiibonyeza inabaki shimo, na mshipa wa shingo unaruka mchana kutwa, hata mgeni anauona. Majirani walisema ana mimba. Watu wa kanisa, hao. Waliacha tu walipoona mwaka umepita na mtoto haji.

Daktari wa Nakuru, mzee Mhindi mwenye sauti ya chini, alimchorea Mama kwenye karatasi. Moyo una milango. Huu wa upande wa kulia una vipande vitatu vya kufungia, na wa Nyambura ulikuwa umelegea. Haufungi, damu inarudi nyuma, ndiyo ile inayoruka shingoni. Nairobi kulikuwa na madaktari wa kupasua kifua na kuukaza ule mlango kwa uzi, jinsi unavyovuta kamba ya mdomo wa mfuko. Tarehe ilishapatikana, wiki tatu zijazo.

"Kazi yenu ni moja," alisema. "Afike huko akiwa hai."

Akatupatia vidonge vidogo vyeupe. Kimoja kila asubuhi, lakini kwanza mtu ahesabu mapigo mkononi, dakika nzima. Yakiwa chini ya sitini asimeze, aletwe mara moja. Mama alikuwa anatoka mapema kuchuma maua ya pareto. Basi mimi, bingwa wa hesabu, nikakabidhiwa saa ya marehemu Baba na exercise book.

Siku nne nilihesabu. Siku ya tano Cucu, mama yake Baba, akanikuta nimeshika mkono wa Nyambura, midomo inacheza.

"Unafanya nini, wewe?"

"Namhesabu, Cucu."

Alininyang'anya saa. Kwetu mtu hahesabiwi, hata mbuzi hahesabiwi. Ukiulizwa una watoto wangapi, unajibu, "Wapo." Hilo nililijua. Sababu sikuijua, mpaka Cucu aliponikalisha karibu na moto.

"Wakati wa Emergency, vita vya Mau Mau, Wazungu walitufungia kijijini na waya," alisema. "Walituhesabu kila jioni. Na kila wakituhesabu, tumepungua. Haya, endelea. Utamhesabu mpaka aishe."

Akanirudishia saa. Hakunikataza, na hakuwa na haja ya kunikataza.

Kuanzia hapo nilishika ule mkono bila kuhesabu. Nilitazama mshale ukizunguka, nikiimba kichwani nyimbo za Sunday school ili namba zisije. Halafu naandika. Sabini na mbili. Sabini na nne. Sabini na mbili.

"Ngapi leo, Profesa?" Nyambura aliniuliza.

"Sabini na mbili."

"Jana pia sabini na mbili. Huu ni moyo ama ni kengele ya shule?" Alicheka mpaka akakosa pumzi. Nikampa kidonge, akameza.

Wiki ya pili akaanza kutapika. Akakataa ugali, akasema ni wa njano. "Hata wewe uko njano, Profesa. Umeiba maua ya nani?" Cucu alinitazama tu.

Nyambura hakuweza kufika barabarani, kwa hiyo Mama alienda Nakuru peke yake na kile kitabu. Daktari akasoma mstari kwa mstari. Akasema moyo uko sawa kabisa, very steady, pengine ni tumbo tu, aletwe Jumatatu. Akauliza kama ni mimi niliyehesabu. Mama akarudi na penseli nyekundu, mpya, zawadi yangu kutoka kwa daktari.

Jumapili asubuhi niliogopa uso wa Nyambura kuliko nilivyomwogopa Cucu. Nikahesabu. Dakika iliisha nikiwa thelathini na sita. Kidonge nikakificha kwenye ngumi, nikaita watu. Alikufa kabla kanisa halijatoka. Zilibaki siku sita aende Nairobi.

Kwenye matanga Cucu alisema mbele ya wote, "Nilimwambia asimhesabu." Mama akasimama. Mama yangu, ambaye hajawahi kumjibu mama mkwe wake. "Mtoto alifanya alichoambiwa na daktari," alisema, akanivuta kifuani kwake. Na mimi nikanyamaza.

Nikiwa university niliokota kitabu cha dawa kwenye meza ya library, cha mwanafunzi mwingine. Dawa ile ikizidi mwilini, kilisema, moyo unapungua mwendo, mgonjwa anatapika, na anaona vitu kuwa vya njano. Njano, jamani. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi mpaka wakafunga.

Ningependa kumkasirikia Cucu. Hasira ninazo za kutosha, niulize. Lakini yeye alihesabiwa na watu waliotaka apungue. Mimi nilikuwa na saa mkononi, na daktari alikuwa amenieleza polepole, mara mbili.

Ile exercise book iko kwenye sanduku la Mama, chini ya Biblia. Nikienda Bahati anaitoa, anapitisha kidole kwenye safu ya namba zangu.

"Ona vile ulikuwa makini," ananiambia. "Watakupa kazi. Lazima watakupa."

"Ndiyo, Mama," namjibu.