Rangi ya Kucha kwenye Vana

Mke wangu husema mimi hata kivuli changu nakishuku. Acheni aseme. Mimi ni fundi wa mashine kwenye kiwanda cha kusaga mawe ya shaba, barabara ya Kipushi, na katika kazi yetu asiyeshuku huishia kukatwa vidole.

Mashine yangu ni redikteri ya kinu, lile sanduku la gia linalopunguza mbio za mota ili kinu kizunguke polepole kwa nguvu. Ndani kuna mafuta. Mafuta yakipata joto kupita kiasi yanakuwa mepesi, na hapo meno ya gia yanaanza kulana. Ndiyo sababu ya kipoza, mabomba membamba yanayopitisha maji baridi katikati ya mafuta, na vana moja, yaani koki kubwa ya gurudumu, inayopima maji yapite kiasi gani. Kipoza kile nilikiweka mimi kwa mikono yangu. Maji ya Lubumbashi yanaacha ukoko mweupe hata kwenye birika la chai, kwa hiyo kila baada ya muda nilikifungua, nikasugua bomba moja moja, na hakuna aliyeruhusiwa kunisaidia.

Basi mafuta yalipoanza kupata joto kupita kiasi mwezi wa sita, katikati ya baridi, sikujiuliza kuna nini. Nilijiuliza ni nani.

Maana ilikuwa jioni tu. Mchana, kwenye zamu yangu, sindano ya kipimajoto ilitulia. Kila jioni mwenzangu wa zamu ya usiku aliandika kitabuni kwamba amekuta mafuta yamepanda moto. Asubuhi nikirudi, sindano imetulia tena. Ugonjwa gani huo unaojua kusoma saa?

Mwenzangu huyo alikuwa mzee wa kaskazini, mtoto wa mtu wa reli, hakosi misa, amebakiza miezi michache astaafu. Kwanza nilidhani anauza mafuta yetu na kujaza uchafu. Nikachota kidogo kwenye chupa, nikayaangalia juani. Safi kabisa, na hayakupungua. Mnafikiri niliona haya? Wapi! Nilimshuku zaidi, kwa sababu mwizi hodari haachi alama.

Halafu kulikuwa na mambo yake ya bafuni. Pale kwetu hakuna anayerudi nyumbani na vumbi la kinu mwilini, watoto watalivuta. Tunaoga kazini. Maji yanayotoka kwenye kipoza yana uvuguvugu, kwa hiyo tuliyachepusha kwa bomba hadi bafuni, na wakati wa baridi ile ni baraka tupu. Mimi huoga wa mwisho, nikishahakikisha wengine wameondoka karibu na mashine yangu. Kila nikitoka namkuta mzee kwenye benchi nje ya mlango, kofia magotini, ananitazama. Mtu mzima anangoja nini mlangoni pa bafu? Siku moja alianza kuniambia neno kuhusu vana. Nikamkatiza, nikamwambia ile niliiweka mimi na ninaijua. Hakurudia tena.

Nikachukua rangi ya kucha ya mke wangu, nyekundu. Mchana nikapiga mstari kwenye gurudumu la vana, mwingine kwenye mwili wake, inatazamana. Asubuhi mistari ilikuwa imeachana. Sasa niseme ukweli ulivyo: gurudumu lilikuwa limesogea kidogo upande wa kufungua. Mtu mwingine angesimama hapo akafikiri. Mimi niliona limesogea, ikanitosha. Nilienda kwa shefu, mkubwa wetu wa kiwanda, na vidole vyangu bado vina rangi.

Shefu alituita wote wawili. Akamuuliza mzee kama anaigusa vana ile.

"Ndiyo, shefu. Kila siku ninagusaka."

Akaulizwa kwa nini. Mzee alinitazama sana, kisha akaanza kupangusa vumbi kwenye kofia yake. Akarudishwa nyumbani Katuba angoje uamuzi, na sote tulijua uamuzi ni kufukuzwa, miaka yake yote ipotee mlangoni pa kustaafu. Mimi nilifurahi. Jioni ile nilimwambia mke wangu, kikulacho ki nguoni mwako, nikala bukari, ugali wetu, kwa hamu.

Usiku uleule, wa kwanza bila mzee, mafuta yalipita alama nyekundu. Beringi ya redikteri iliungua na kinu kikasimama. Niliitwa kutoka nyumbani, nikakuta vana imebanwa, karibu kufungwa kabisa. Na mzee alikuwa kwake Katuba.

Niliwauliza wote waliokuwapo, kwa hasira. Mama anayefagia kiwanda na bafu letu alinijibu bila woga, kitambaa mkononi.

"Ni miye, baba. Ni kwa ajili ya maji yako."

Baridi ya mwaka uliopita nilikuwa nimelalamika kwamba maji hayana moto, na mimi, fundi mkubwa, nikamwonyesha mwenyewe: bana vana kidogo, maji yakipita polepole yanatoka moto. Nikasahau. Yeye hakusahau. Baridi iliporudi, kila jioni aliibana kabla sijaingia bafuni, na mimi nikatoka nimepata joto, nikamsifu. Nikamuuliza nani alikuwa anafungua. Akasema ni ule muzee.

Nilimweleza shefu yote, sikuficha hata rangi ya kucha. Mzee alirudishiwa kazi yake. Mimi nilifungiwa nje ya kazi majuma mawili, na nilistahili zaidi.

Siku ya kwanza ya adhabu nilienda Katuba. Mzee alikuwa uani anamenya karanga. Alinipa kiti, akanisogezea sahani. Niliomba msamaha vibaya, maneno yakigongana, kisha nikamuuliza kwa nini hakunitaja mbele ya shefu.

"Weye iko na batoto badogo," alisema. "Miye nilikuwa namaliza."

Tukamenya karanga. Na mnajua nilifanya nini? Hata pale, nikila karanga zake, ulimi wangu ulitafuta kosa. Nikamwambia, lakini yaya, kaka yangu mkubwa, ulikuwa unafika mapema kabla ya zamu yako. Kwa nini hukufungua vana papo hapo? Kwa nini ulikaa kwenye benchi huku mafuta yanapanda moto?

Alinitazama kama siku ile kwa shefu.

"Maji yangekuwa baridi, na weye ungali na sabuni mwilini, mudogo. Nilikuwa nangoyaka umalize kuoga."