Uji wa Syombua, Hataza ya Ruqaya

Jua halijachomoza sawasawa Kinanie, na Syombua Nzuki tayari anakoroga sufuria ya mafuta ya mbarika na kostiki. Anainua mwiko, anatazama mchanganyiko unavyodondoka, halafu anamimina maji ya shubiri. Akiwahi, sabuni inajitenga. Akichelewa, inaganda mabonge.

"Hapo tu," anasema. "Hii kitu ni mimi niligundua. Lakini hataza iko na jina ya Mama Hanif."

Mama Hanif ni Ruqaya, rafiki yake aliyepika naye sabuni miaka mingi. Mwaka juzi aliisajili njia hiyo kwa jina lake peke yake, akapewa hataza, yaani hati ya kuimiliki. Leo anauzia mahoteli, Syombua anauza sokoni kipande kwa kipande.

Wivu anao, wala haufichi. Akiona picha ya Ruqaya kwenye karatasi ya sabuni, chakula hakishuki.

"Amenenepa," anasema. "Hata pua imenenepa!"

Kisha kiwanda kimoja kikaliomba baraza la hataza liifute hati ya Ruqaya kwa kuwa haieleweki. Imeandikwa shubiri itiwe mchanganyiko "ukifikia uzito wa uji". Uji upi? Wakili wa kiwanda akamtafuta Syombua awe shahidi kuwa uji huo haujulikani, naye akakubali mbiombio.

Mwezi uliopita alikaa nyuma barazani akimsikiliza Ruqaya akihojiwa. Ruqaya alijibu kuwa ni uji kama wa Ramadhani kwake, wa mchele, mwepesi, wenye pilipili manga.

Syombua alicheka hadi akanyamazishwa. "Sabuni ya uzito huo ingejitenga!" anasimulia. "Ni usuu, uji wetu wa wimbi, ule mzito. Yeye hakuwahi kumimina. Kila siku alikuwa ananiuliza, 'Dada, tayari?'"

Usiku huo kicheko kilimkauka.

"Nikisema haijulikani, hati inakufa, na kiwanda kitapika jasho langu bure. Nikisema mpishi yeyote wa sabuni huku anajua ni uji gani, Mama Hanif ataendelea kunenepa."

Wiki ijayo ni zamu yake. Wakili anampigia simu kutwa, naye hapokei. Ameamua.

"Nitasema inajulikana," anasema, akifuta mikono kwa leso. "Lakini kwanza aulizwe mbele ya watu nani alimfundisha, na mimi nikiwa hapo. Ataje jina yangu. Nataka kuisikia kwa mdomo yake."