Kaka Anapika kwa Mdomo

Mnisamehe kwanza. Mwandiko wangu unalala upande kama mahindi yaliyopigwa na upepo, na herufi nyingine naziruka bila kujua. Nilisoma shule ya msingi tu, kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma, chini ya turubai. Hata hapa Sydney naandika polepole mpaka mdogo wangu wa kike ananiuliza kama nachora. Lakini jambo hili siwezi kulisema mbele ya watu, maana nina aibu. Ndiyo sababu naliandika.

Ni habari ya kaka yangu, mkubwa wetu, ambaye yuko Meksiko.

Sisi tunakaa Minto, pembeni mwa Sydney: mama, mdogo wangu na mimi. Tulipoitwa kuja Australia, kaka hakuwa kambini. Alikuwa ameshuka kusini kutafuta maisha, na jina lake likaondolewa kwenye faili letu. Baadaye alivuka bahari mpaka Brazili, akapanda nchi baada ya nchi, kwingine kwa miguu, akitaka kufika Amerika. Hakufika. Aliishia kwenye mji mdogo wa pwani huko Meksiko, na hadi leo yuko hapo. Jina la mji siliandiki kwa sababu kaka hana karatasi za kukaa.

Kila Jumamosi asubuhi, wakati kwake bado ni Ijumaa jioni, anatutumia sauti kwenye simu. Mama anaiweka simu katikati ya meza, karibu na birika la chai, na hakuna anayetafuna mpaka kaka amalize.

Sauti ya kwanza kutoka mji ule ilikuwa ndefu, na kaka alikuwa na furaha. Alitueleza mji kama mtu anayekaribisha wageni. Alisema pale hakuna anayekimbia. Mbwa wanalala katikati ya barabara na magari ndiyo yanayowazunguka. Ukifika, alisema, amka mapema uende ufukweni uwaone ndege mwari wakijitupa majini kama mawe. Jua likipanda, lala kwenye wavu uliofungwa kati ya minazi, hata usipokuwa na usingizi. Usile kwenye meza zenye vitambaa. Tembea mpaka mwisho wa ufukwe, kwenye banda la makuti, ambako samaki anapasuliwa mgongoni, anapakwa pilipili na ndimu, anabanwa katikati ya vyuma na kuchomwa juu ya kuni za mikoko. Mafuta yake yanadondoka, moshi unapanda, na watu wanageuza shingo kutoka mbali. Kunywa maji ya ukwaju yenye barafu. Kuna na kinywaji cha mahindi yaliyochachuka, wanakitia ndimu na chumvi. Jioni kaa kwenye uwanja mbele ya kanisa uwaangalie wazee wakicheza muziki wawili wawili. Yeye mwenyewe anabeba viti na miavuli ya wageni, na anafagia mchanga karibu na lile banda.

“Yeye yuko holidei, sisi tuko Minto,” alisema mdogo wangu. Siku zote anatujibu kwa Kiingereza, lakini hilo alilisema kwa Kiswahili ili mama alisikie.

Mimi nilicheka. Mama hakucheka. Alichukua kikombe chake akaenda kukiosha, na chai ilikuwa bado imo.

Nilimfuata jikoni. Alikuwa amenipa mgongo.

“Mtu aliyeshiba hasimulii chakula,” alisema. “Huyu mtoto anapika kwa mdomo.”

Kupika kwa mdomo ulikuwa mchezo wetu wa kambini. Inabidi nieleze mchezo huo, kwa sababu watoto wa hapa hawaujui.

Kambini, posho ilipopunguzwa, kulikuwa na siku ambazo uji wa asubuhi ndio uliokuwa chakula cha mchana na cha jioni. Siku hizo watoto tulikaa kwenye duara tukapika kwa mdomo. Mmoja alikuwa mpishi. Alianza na moto, akachagua kuni, akaweka sufuria, akamenya vitunguu, na sisi tulisikiliza tukimeza mate. Kaka ndiye aliyekuwa mpishi mkubwa. Alijua kupika samaki wa ziwa letu la Tanganyika, wale mikeke wanene, mpaka mimi nilisikia harufu yao ndani ya turubai iliyonuka vumbi tu. Mchezo ulikuwa na sheria moja. Aliyeuliza chakula kiko wapi alitolewa kwenye duara. Mwishoni mpishi aliuliza kama tumeshiba, na wote tulisema tumeshiba. Kisha tulilala.

Tangu siku ile jikoni, sikuweza tena kumsikiliza kaka vizuri. Wiki moja alileta habari za embe bichi lililokatwa kama ua, likanyunyiziwa pilipili na chumvi. Wiki nyingine zilikuwa chaza, zinafunguliwa kwa kisu pale pale kwenye maji. Mdogo wangu alikuwa akiuliza nauli ni kiasi gani. Mama alikuwa akiangalia meza.

Tulimwomba picha yake. Alisema kamera ya simu imepasuka, na kweli picha zake zina ukungu. Siku moja akatuma sahani ya samaki mzima, na pembeni yake miwani ya jua na funguo za gari.

“Sahani hii ni ya nani?” mama aliuliza.

Kaka hana gari.

Tukimwambia tumtumie chochote, anasema mama anunue viatu vya baridi. Anacheka, halafu anarudi kwenye samaki wake. Mimi nafanya kazi kwenye bohari la mboga na matunda, hapa hapa Minto. Kutwa napanga ndimu na pilipili kwenye maboksi, na siwezi kumpelekea hata ndimu moja. Nikiwa kazini nazirudia sauti zake kichwani. Anasema samaki anavyopasuliwa, moshi unavyopanda, watu wanavyolamba vidole. Lakini hajawahi kusema samaki huyo yukoje kwenye ulimi. Maji ya ukwaju tu ndiyo aliyosema kwamba yanakwaruza koo kwanza, halafu yanakuwa matamu. Kwa hiyo ukwaju ameunywa. Hilo nalijua. Hayo mengine sijui.

Jumapili moja baada ya kanisa niliamua kumpika samaki wake. Nilipanda treni nikaenda Bankstown kutafuta samaki mzima mwenye kichwa, nikampasua mgongoni kama kaka alivyosema, nikampaka pilipili na ndimu, nikamchoma uani. Nilifikiri tukimla na mama, hofu itapungua. Alitoka mzuri. Mdogo wangu alikula mpaka mkia, akaniambia kwamba angalau mtu mmoja kwenye nyumba hii amejifunza kitu kwenye simu.

Mama alikula kidogo, kwa ugali na sombe, yale majani ya muhogo. Kisha akafuta vidole.

“Ni mtamu,” alisema. “Muulize wewe. Mimi nikimuuliza atanidanganya, maana mimi ni mama yake.”

Nilijua ananiambia niuvunje mchezo. Nilichukua simu nikaenda kukaa kwenye ngazi ya nyuma. Niliandika, nikafuta, nikaandika tena. Kama kaka ana njaa, swali langu litamvua nguo. Kama ameshiba kweli, litamtukana, kwamba sisi hatuamini kuwa mtu wa kwetu anaweza kukaa mahali pazuri akala vizuri. Sikupata maneno ya katikati. Mwisho nilibonyeza sauti, nikasema kwa haraka kabla aibu haijanikamata:

“Kaka, hao samaki, unawala au unawapika?”

Ilikwenda. Nilitaka kuirudisha, lakini alama zilikuwa zimeshageuka bluu. Alikuwa ameisikia.

Jumamosi ya wiki hiyo simu ilikaa katikati ya meza, na chai ikapoa. Hakuleta sauti. Mama hakunilaumu, na hilo lilikuwa baya kuliko lawama. Alikunja kitambaa cha meza, akakikunjua, akakikunja tena. Katikati ya wiki sikujua nimpigie au nimwache. Nilipiga. Haikupokelewa.

Jumamosi iliyofuata sauti ilikuja. Ilikuwa fupi sana. Mwanzoni ni upepo na maji, na mahali fulani mbali mtu anaita wateja kwa lugha yao. Kaka alikohoa. Kisha akasema:

“Mdogo wangu, mwambie mama nimeshiba.”

Basi. Hakumtaja samaki, wala embe, wala wazee wa uwanjani.

Mama alinitazama. Alikuwa amesikia mwenyewe, lakini alitaka neno lipite kwangu, kama kaka alivyoagiza.

“Anasema ameshiba,” nilimwambia.

“Sawa,” alisema mama, akamimina chai.

Mdogo wangu alifurahi, akasema mnaona, nyie mnapenda kulia tu. Yeye alizaliwa wakati posho ilikuwa imerudi, hajawahi kukaa kwenye lile duara. Mama alianza kutafuna mkate, polepole, macho yake kwenye dirisha. Mimi wangu niliurudisha kwenye sahani. Mtu aliyeshiba anasema nimeshiba. Na sisi pia tulisema hivyo, wote, kila siku.

Ndiyo maana nawaandikia. Pengine kati yenu mnaosoma kuna anayekwenda pwani hiyo kupumzika, au ana ndugu aliyekwama huko kama wangu. Niandikieni, nami nitawaambia jina la mji. Mkifika, tembeeni mpaka mwisho wa ufukwe, penye banda la makuti. Mtamwona kijana mrefu anayebeba viti, anayeongea Kiswahili peke yake anapofagia. Msimuulize kama ana njaa. Agizeni samaki mmoja mkubwa, mwambieni kwamba mmeshindwa kummaliza, mumwombe akae. Halafu mniandikie alivyokula, kama alikula haraka au taratibu, na kama aliacha kichwa. Hata kama mwandiko wenu ni mbaya kama wangu, nitasoma.