Magoti ya Kaptula na Shule Tatu za Wamaza

"Wewe uliishia darasa ya sita, Mama Victorine. Nani alikuweka inspekta wa masomo?"

Swali hilo aliliuliza jirani yake Aziza, muuza mchele, na hadi leo linachekesha soko la Wamaza.

Saa moja asubuhi. Victorine anafanya ishara ya msalaba, anaketi nyuma ya cherehani na kuvuta kaptula ya kwanza kwenye rundo. Haulizi ni ya nani. Anatazama ilipochakaa.

"Mutoto anaweza kukuambia amesoma," anasema, uzi ukiwa katikati ya meno. "Nguo itaniambia alikaa wapi."

Cherehani ilinunuliwa na marehemu mume wake kwa mpunga wa misimu miwili. Kiraka kimoja ni franka mia tano, na wiki ikiwa nzuri anashona ishirini. Shule tatu za serikali zinazozunguka soko zote zinavaa bluu na nyeupe, na zote zikichanika zinaishia mikononi mwake.

Shule ya kilimani inamaliza viwiko vya mashati. Watoto wake wanaandika. Lakini kufika kule ni mwendo wa saa nzima na kijito kimoja, na mvua ikinyesha kijito hicho hufurika, hakiulizi mtoto ni wa nani.

Shule ya mtoni ilimtia aibu. Kwa miezi mitatu aliwasifu wazazi wa kule, maana sare za watoto wao zilibaki mpya kabisa. Ni Aziza aliyemfungua macho: "Dada, zile nguo zinalala kwenye musumari. Mwalimu iko Lusangi, anachimba dhahabu."

Shule ya barabarani, iliyo hatua mia mbili tu kutoka kwake, inamaliza magoti. Victorine akajua basi: watoto wanaandikia chini. Kila mzazi aliyekuja kumuuliza shule ipi ni nzuri, Victorine alimjibu hivyo hivyo.

Hukumu hiyo ilimfunga na yeye mwenyewe. Anamlea mjukuu wake Darlène, mwenye miaka saba, tangu mama wa mtoto aende kufanya biashara Salamabila. Mwaka jana alimweka nyumbani kwa kuogopa kijito. Mwaka huu daftari la kuandikisha wanafunzi wapya lilikuwa linafungwa Jumamosi.

"Nikimuficha tena, nitakuwa nimemuibia," anasema. "Na Mungu ananiona."

Jumatano, direkta wa shule ya barabarani, Musafiri, aliingia kibandani kwa Victorine bila kubisha hodi.

"Wazazi sita wameondoa watoto wao juu ya maneno yako, Mama. Unanifukuzia shule."

Victorine hakubishana. Alimwekea mikononi kaptula nne. "Soma mwenyewe, Direkta."

Musafiri aliingiza vidole kwenye matundu. "Kwangu hakuna mutoto anakaa chini," alisema. "Hata mumoja."

"Na magoti haya?"

"Wanapiga magoti juu ya viti. Meza na viti tulivipata kutoka shule ya sekondari, ni vya wakubwa. Mutoto wa darasa ya kwanza akikaa sawasawa, meza inamufika puani."

Victorine alimtazama, akatazama kaptula, kisha akaanza kucheka hata akapangusa macho kwa pindo la kitenge. Mwaka mzima alikuwa akiziba kwa sindano tundu lililotaka msumeno.

"Nimekukosea, nisamehe," alisema. "Lakini wewe uliona meza puani, hukufikiri kukata miguu yake?"

"Mali ya serikali, Mama. Nani atakata?"

"Pua ni za kwetu. Waite wazazi."

Komite ya wazazi ilikubali jioni ile ile. Kesho yake Victorine aliwakalisha watoto kumi na wawili kwenye kigoda, mmoja mmoja, utepe wake wa kupimia mkononi. Kwa viti, alipima kutoka goti hadi kisigino. Kwa meza, kutoka kitini hadi kiwiko. Seremala Clovis alichora vipimo kwa mkaa, na Ijumaa msumeno ulilia tangu asubuhi.

Aziza hakuacha kumchokoza. "Umekata miguu ya meza, umekata na chakula yako. Magoti hayatapasuka tena."

"Viwiko vitapasuka," Victorine alijibu. Ameshaweka pembeni kitambaa cheupe, na mpango wake ni kushona mashati yote ya shule hiyo na viwiko vya kitambaa mara mbili. Anatumaini kabla ya Pasaka vitakuwa vimeanza kutoboka kwa kuandika.

Jumamosi, darasa la kwanza linanuka mbao zilizotoka kukatwa. Sakafuni vumbi la msumeno halijafagiwa. Darlène anapanda kiti cha mbele, anaweka mikono juu ya meza, anajaribu kiwiko kimoja, kisha cha pili. Meza inamwishia kifuani, kidevu chake kiko huru.

"Tata, nikae hapa hapa?" anamuuliza bibi yake.

Musafiri amefungua daftari la majina, kalamu mkononi. "Haya, Inspekta. Tumuandike, ao bado unakagua?"

Victorine anainama chini ya meza. Anajaribu kupitisha kiganja kati ya kisigino cha mtoto na sakafu. Hakipiti; kisigino kimekanyaga sakafu.

Anainuka, anamnyoosha Darlène kola ya shati, anazungusha utepe wake shingoni, anasema, "Muandike," na kutoka nje.