Neno la Siri la Ofisi Yetu

Chekeni tu, nimestahili. Ninauza intaneti ya nyumbani na ya biashara hapa Bariadi, na wiki ile sikupata usingizi. Bosi alikuwa anakuja kutoka Mwanza kuuliza jambo moja: mbona wateja wanaongezeka Mwanhuzi na Lagangabilili, lakini mtaa wenye ofisi yetu hauna hata mmoja?

Alipofika, nikasingizia ushindani wa soko huria. Nikasema pia watu wanasubiri kuuza pamba. Akavuka barabara kwenda kwa Mama Kulwa anayetupikia ugali. Nikamfuata mbio. Mama Kulwa nilimpa neno la siri la intaneti ya ofisi siku aliyoniongezea nyama, nikamsihi asimwambie mtu. Na neno lenyewe nililitunga kwa hasira, bosi alipotunyima feni.

"Mama, mbona hujaunganishwa intaneti?" bosi akauliza.

"Ya nini, baba? Mtaa mzima tunatumia ya hapo ofisini," akajibu kwa upole, akijifuta mikono. "Toa simu nawe uingie. Andika bosimchoyo, usiache nafasi."