Waya wa Pasi Katika Saa ya Babu

Rafiki yangu, ukiwa na saa ya zamani yenye mkanda wa chuma, na mkanda huo umekuwa mkubwa kwa mtu unayempenda, nakusihi uipeleke kwa fundi. Kaa kwenye benchi lake, vumilia porojo zake, na akikuambia urudi Jumatatu, rudi Jumatatu. Usifanye kama mimi. Mimi niliambiwa Jumatatu nikajibu moyoni kwamba mikono ninayo, sindano ninayo, na misa ni kesho. Nikarudi nyumbani kujitia ufundi.

Saa yenyewe ilikuwa ya babu yangu. Aliyeitaka ni bibi, ambaye anakaa kwangu hapa Kolwezi, katika chumba cha pili, tangu macho yake yalipozimika. Aliniambia siku ya Ijumaa, ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili:

“Dimanche minataka nivale saa ya bwana yangu mu misa. Ni misa ya bafu. Minataka niisikie.”

Jumapili, kwenye misa ya wafu, hakusema kuiona, alisema kuisikia. Nikaitoa katika mkebe wake, nikaijaza ufunguo, nikamvisha. Ikateleza kutoka kifundo cha mkono hadi karibu na kiwiko. Tulicheka wote wawili. “Mikono yangu inabakia paka mifupa,” akasema, yaani mifupa tu. Nikamwahidi kuipunguza.

Mkebe ule wa maziwa ya unga unatuzidi wengi umri wa kukaa nyumbani kwetu. Ndani yake mlikuwa na pingili tano za mkanda wa saa na pini nne nyembamba kama miiba. Kila pingili inapotolewa hubaki pini moja, kwa hiyo zilipaswa kuwa tano. Iliyokosekana niliipoteza mimi, nikiwa na miaka minane, na nikianza kukueleza lazima nianzie nyumbani kwa babu.

Tulikaa katika nyumba ya kampuni ya mgodi, vyumba viwili na ua wa udongo mwekundu. Asubuhi king'ora cha kiwandani kililia, na kabla hakijamaliza bibi alikuwa ameshaufagia ua mzima, mistari ya ufagio imelala sawasawa hadi njiani. Kwetu ua usiofagiwa ulikuwa habari mbaya: majirani walikuja kuuliza nani anaumwa. Baada ya hapo moshi wa makaa kutoka kwenye jiko la mbabula, uji wa mahindi, na babu anatoka chumbani na shati ambalo bibi amelipiga pasi ya umeme, saa mkononi. Alipewa saa ile na wakubwa wake kwa miaka yake mingi ya kazi. Alikuwa mtu mnene wakati huo, na mkanda ulimbana kiasi cha kuacha alama za meno yake kwenye ngozi. Mimi nilizipenda alama zile. Nilizihesabu kwa kidole alipokuwa akinywa munkoyo jioni.

Halafu kampuni ikaanza kuchechemea. Mshahara ulichelewa, ukachelewa tena, mwishowe ukasahau njia ya kuja kwetu. Magunia ya unga ya kila mwezi yakakoma. Tukawa tunakula bukari, ugali wetu, mara moja kwa siku, na sombe la kisamvu lisilo na mafuta, ambalo bibi alilitwanga kwa muda mrefu kuliko zamani kana kwamba kutwanga kungeongeza kitu. Watu walipanda mahindi hadi mlangoni. Babu hakuwa na kazi tena ya kwenda kufanya, lakini king'ora kikilia aliamka, akanawa, akavaa saa, akaketi mbele ya nyumba. Na saa ikaanza kumteleza.

“Haiko mi njo nakonda,” alituambia. “Ni saa njo inanona.”

Tulicheka, kwa sababu alitaka tucheke. Siku moja ya Jumapili akasema saa imenona kupita kiasi, sasa tuipunguze. Alikaa mlangoni kwenye kigoda na msumari mwembamba aliousugua kwenye jiwe. Mimi niliwekwa mbele yake, magoti yamegusana na yake, na bibi akanitandikia kikwembe chake cha kitenge mapajani ili pini zikiruka zisianguke chini. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu: kukaa nisitikisike. Pini ya kwanza ilitoka, ikalala kwenye ua jekundu la kikwembe. Ya pili ikatoka. Babu akainua mkanda usawa wa macho, kwa sababu alitaka kuona vizuri tundu liko wapi.

Hapo ndipo mtu alipopita njiani akipiga kelele: “Bitoyo inafika ku kantini! Bitoyo!”

Bitoyo ni samaki wa chumvi. Sijui wewe ulikuwa na njaa ya namna gani utotoni, lakini mimi kinywa changu kilijaa mate kabla akili haijafika. Nikasimama. Na msichana wa kwetu akisimama na kikwembe hafikiri: anakikung'uta, anakifunga kiunoni, anatoka. Nikakikung'uta, nikakifunga, nikakimbia. Nilikuwa nimefika kwa jirani wa tatu nilipokumbuka nilichokuwa nimebeba. Na bitoyo, kama unataka kujua, haikuwepo. Ulikuwa uongo wa njaa tu.

Hakuna aliyenipiga. Afadhali wangenipiga. Babu alibaki ameshika vipande viwili vya mkanda, kimoja kila mkono, ananitazama kama mtu aliyeulizwa swali kwa lugha asiyoijua. Bibi ndiye aliyetoa amri:

“Kitu kidogo ikipotea, hapana kufagia. Mutu asifagie hapa mupaka ipatikane.”

Tulitambaa uani hadi jua likashuka. Siku ya pili bibi hakufagia. Siku ya tatu hakufagia. Majani yalirundikana, na majirani wakaja mmoja mmoja kuuliza mgonjwa ni nani. Bibi, ambaye ua wake ulikuwa heshima yake, aliwajibu kwamba hakuna mgonjwa, akainama tena kutafuta. Nilikuwa nikimwona kupitia mlangoni na kutamani ardhi inimeze.

Siku ya nne asubuhi alichukua pasi yake, akakata kipande cha waya wake kwa kisu cha kukatia sombe. Babu akashtuka, maana pasi ile ilikuwa mali. Bibi akamwambia, “Itafanya nini? Mashati ya kazi haina tena.” Akachuna mpira, akatoa nyuzi tatu za mukuba, ndivyo tunavyoita shaba, akazisokota kwa vidole hadi zikawa kitu kimoja. Akazipitisha kwenye tundu la mkanda mwenyewe, macho yake yakiwa bado makali, na ncha mbili akazikunja kwa meno. Akampa babu. “Inakamata,” akasema. Ndipo akachukua ufagio.

Saa iliendelea kunona. Zikatoka pingili nyingine nne, mwaka baada ya mwaka, na kila mara nilitandikiwa kikwembe, na kila mara nilikaa kama jiwe. Sasa zilibaki pini za akiba mkebeni. Nilimwambia babu tuutoe ule waya tuweke pini ya kweli, saa irudi kuwa nzuri. Unajua nilikuwa nataka kufuta kosa langu. Babu akakataa. “Acha. Ile ya nkambo yako inakamata.” Nkambo ni bibi au babu, kwetu neno ni moja. Shaba ile ilimwachia alama ya kijani kwenye mkono ambayo sabuni haikuitoa, na alizikwa nayo. Saa aliivua bibi mwenyewe kabla hawajamfunika.

Sasa turudi kwenye Jumamosi yangu ya ufundi. Niliketi mezani mchana, baada ya kula, na saa, sindano nene, na kikata kucha. Ilinipasa kutoa pingili mbili. Nikachagua, rafiki yangu, kuanzia kwenye ule waya, kwa kuwa shaba ni laini na pini nyingine zilikuwa zimeng'ang'ania. Nilisema moyoni pia kwamba ni kitu kibovu, kimekwaruza mkono wa mtu miaka yote ile, na bibi ni mtu wa kwenda nacho kanisani? Nikakata ncha iliyokunjwa. Nikasukuma kwa sindano. Haukutoka. Nikasukuma kwa hasira kidogo. Ukaruka.

Sikusikia hata ulipoanguka. Na mapajani sikuwa nimetandika kitu. Mimi, niliyefundishwa kazi hiyo moja maishani kabla ya kujua kusoma, sikutandika kitu!

Nikapiga magoti. Sakafu yangu ni ya saruji, imepasuka, na vumbi la malori linaingia hata ukifunga madirisha. Kutoka chumba cha pili bibi akaita:

“Uko natafuta nini?”

“Haina kitu, nkambo.”

“Mutu anatambaa chini na haina kitu?”

Nilitoka nikamwomba jirani anisaidie, na yeye, mtu mwema anayetengeneza redio, akaniletea sumaku kubwa ya spika. Nikaiburuta sakafuni pote, chini ya kabati, chini ya mfuko wa unga. Ikakamata misumari, kifuniko cha chupa, pini ya nywele niliyoisahau na sindano yangu mwenyewe. Nikaipangusa, nikaanza upya. Jirani alinitazama muda mrefu akiwa amesimama mlangoni.

“Mama, kitu yenye unapoteza ni ya namna gani?”

“Ni fil, waya ya mukuba.”

“Mukuba haikamatwaka na sumaku, mama. Hata batoto banajua.”

Kweli, hata watoto wanajua. Nimezaliwa juu ya shaba, nimelelewa kwa shaba, nimezungukwa na watu wanaoichimba usiku na mchana, na nilikuwa nimeitafuta kwa sumaku saa nzima. Jirani alijizuia kucheka, Mungu ambariki. Nikamrudishia sumaku yake. Giza likaingia, umeme ukakatika, nikasema nitatafuta asubuhi kwa mwanga wa jua. Jambo moja nilikumbuka kufanya: kwa mwanga wa mshumaa nilitoa zile pingili mbili, nikachukua pini kutoka mkebeni, nikaunganisha mkanda. Ulifunga vizuri, tena vizuri sana.

Asubuhi ya Jumapili niliamka kabla ya malori. Na unajua mikono ya mwanamke wa hapa alfajiri. Haikungojei uamke. Nilifagia chumba, nikafagia ukumbi, nikakusanya vumbi jekundu kwenye kipande cha katoni, nikalimwaga barabarani. Nilikuwa narudisha ufagio nyuma ya mlango nilipobaki nimesimama, mkono bado juu.

Majuto ni mjukuu, watu husema, na mjukuu mwenyewe ni mimi. Nilitoka mbio. Gari la maji lilikuwa limeshapita kulaza vumbi, na nyuma yake malori ya mawe ya shaba, moja, jingine, jingine. Nilichutama pembeni na kuchokoa matope kwa kijiti hadi watu waliokuwa wakienda kanisani wakaanza kunisalimia kwa sauti ya pole.

Nikamvisha bibi gauni lake, nikamfunga kitambaa, nikamvisha saa. Ilimkaa sawasawa. Aliipeleka sikioni, akatabasamu. Kisha kidole gumba chake kikaanza kutembea juu ya mkanda, taratibu, pingili kwa pingili, kikazunguka chini ya mkono, kikarudi. Kikazunguka tena.

“Aksanti, mwana,” akasema. “Ni saa muzuri. Sasa leta ya bwana yangu.”

“Njo yenyewe, nkambo.”

“Ya bwana yangu nilitengenezaka mi mwenyewe. Fil yangu iko wapi?”

Nikamwambia imeanguka, naitafuta. Akaivua, akanikabidhi kwa adabu, kama kitu cha mtu mwingine kilicholetwa kwake kwa makosa. Akaenda misani mkono mtupu.

Nimejaribu, usidhani sikujaribu. Nimekata waya wa pasi yangu, nzima kabisa, nikampa nyuzi tatu azisokote mwenyewe. Vidole vyake haviwezi tena. Vilizidondosha, nikaziokota, vikazidondosha, mpaka akasema amechoka. Nilizisokota mimi, nikazikunja kwa meno yangu, nikampa. Aligusa mara moja tu, akatikisa kichwa.

Nyumba yetu ya kampuni haipo leo. Mtaa ule ulihamishwa, na palipokuwa ua wa bibi ni shimo ambalo ukisimama ukingoni huoni mtu aliye chini. Udongo tuliouchambua kwa vidole siku tatu ulipakiwa kwenye malori ukaenda zake, na pini zangu mbili humo humo. King'ora hakilii. Nilikuwa nadhani nimezoea kupoteza vitu vikubwa namna hiyo. Bibi sasa amebaki na kusikia na kugusa tu, na kitu kimoja alichokuwa bado anaweza kukigusa cha maisha yao wawili nilikitoa mimi kwa sindano, nikitaka kipendeze.

Saa iko mkebeni. Kila Jumapili, kabla sijamfunga kitambaa, ananyoosha mkono na kuuliza kama ile ya bwana wake imepatikana.

“Bado, nkambo.”

“Basi hapana kufagia,” ananiambia. “Mutu asifagie mupaka ipatikane.”

Nami namjibu ndiyo, na simwambii kwamba nilishafagia.