Darubini ya Msasi wa Msuka

Ulikuwa mwaka wa hamsini na nane. La, nakosea, hamsini na tisa, maana ule wa hamsini na nane msasi wa Msuka alikuwa bado anaona vizuri. Kila alipomlenga paa alilamba kidole gumba, akakipitisha juu ya mtutu, akasema bismillahi, akapiga; kisha hutupa bunduki chini, akakimbia na kisu amchinje angali hai. Sasa jicho lilikuwa limeingia ukungu, na akikosa, nyumbani wanakula muhogo mtupu. Mwenye duka wa Mtambile akamwazima darubini ya Kijerumani ya kufunga juu ya bunduki. “Ijaribu, mzee. Ikikufaa, niachie baiskeli yako.”

Asubuhi akamwona paa ng’ambo ya bonde, mpaka kope zake. Akalamba kidole, akasema bismillahi, akapiga. Alikimbia sana, lakini alipofika, paa amekwisha kufa. Bi Mwatum, mkewe, hakuteleka chungu. “Nyamafu hiyo, mume wangu, haikuchinjwa. Kale na Mjerumani wako!” Darubini akairudisha, huku akiigeuzageuza mikononi kama asiyetaka kuiachia. Akamwuliza mwenye duka, akawauliza na mashehe watatu: bismillahi ya mtu hufika umbali gani?